Mkate wa Zambarau Uko Jikoni

Salha mwanangu,

Mkate wa zambarau uko kwenye jiko la mkaa. Usifunue sufuria mpaka harufu ifike barazani, la sivyo utadidimia katikati. Watoto wavue sare kwanza, doa la zambarau halitoki.

Nimeondoka bila kuaga kwa sababu ya mumeo. Asubuhi hii amemleta fundi na msumeno wa mashine aukate mzambarau, ati ajenge fremu za duka. Nikamwuliza, "Abdulnasir, msimu ujao tutaoka nini?" Akanijibu mbele ya mgeni, "Mama, maandazi yapo kila kona." Mti wa marehemu baba yake! Na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akishinda juu yake mpaka ulimi unakuwa mweusi.

~~Asionje hata kipande.~~

Hapana. Mkatie kipande cha kwanza, kama kila msimu. Akakile pale pale kivulini mwa mzambarau. Akimaliza na bado anataka kuukata mti, anifuate kijijini Kisawasawa kwa dada yangu.

Fundi akirudi kutoka kunywa chai, akiulizia cheni ya msumeno wake, mwambie ninayo mimi.

Mama mkwe wako