Penseli Yako na Kifo cha Bi Chapa

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Sanduku la Posta 318.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Na shemeji, mgongo wake unaendeleaje? Wapwa zangu je, bado wanakucheka ukiimba? Sisi huku ni wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujambo kabisa.

Sasa kaa kitako. Vile vitabu vyangu vitatu vya upelelezi, ulivyodhani vimeshaliwa na mchwa, vinatolewa upya! Mchapishaji mmoja ameniita ofisini kwake, akanikalisha na mhariri, binti wa rika la mwanangu mwenye macho ya mwewe. Amevisoma vyote. Amegundua kuwa Inspekta wangu anachechemea mguu wa kushoto kitabu cha kwanza, na wa kulia kitabu cha pili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi kila asubuhi nakaa kwenye meza ya chakula, narekebisha. Zamani Inspekta alikimbia mitaa minne akitafuta simu huku mwizi anatoroka. Leo angeitoa mfukoni na hadithi ingeishia ukurasa wa sita. Nimeamua mambo yabaki ya zama zile, na mbio zake. Wifi yako anasema huo ni uvivu, na hakukosea sana.

Nikitafuta miswada ya kwanza, nilifungua lile sanduku la bati la chini ya kitanda. Alama za penseli yako zimejaa humo. Unakumbuka ulivyokuwa ukiandika pembeni, mara tu umjuapo muuaji? "Ni daktari. Nimemjua ukurasa wa 41. Andika upya, Kaka." Nami nanuna siku mbili, kisha naandika upya. Nilicheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Kitabu cha tatu hakina alama hata moja.

Tusizunguke mbuyu. Kitabu cha pili kilipotoka, nilimshukuru mpaka fundi wa taipureta, nikakusahau wewe. Ukasema, "Haya, huyo fundi wako ndiye awe anakusomea." Badala ya kukuomba radhi, nikavimba kichwa. Ulipohama na shemeji nikaandika cha tatu kwa hasira, na ukurasa wa 112 nikamtilia sumu kwenye chai Bi Chapa, yule karani mwenye maneno makali aliyekuwa akimtatulia Inspekta kesi zote. Kila aliyetufahamu alijua Bi Chapa ni nani. Wasomaji walikisusa kitabu, na ni haki yao. Tangu hapo barua zetu mimi na wewe zimekuwa za salamu na mvua tu, miaka kumi na tisa. Nilikukosea, mdogo wangu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshaota ndevu.

Mhariri anavitaka vyote mwisho wa mwezi ujao. Viwili nimempa. Cha tatu nimemnyima, nikamwambia kina msomaji wake na bado hakijamfikia. Ameguna, akasema wakikosa cha tatu hawatoi hata kimoja. Potelea mbali. Ndicho hicho ndani ya bahasha, pamoja na penseli mbili nilizozichonga mwenyewe. Ukurasa wa shukrani uko mbele, una jina moja tu. Hata fundi nimemtoa, maskini.

Ukifika ukurasa wa 112 usiudhike. Sikuthubutu kumponya bila idhini yako. Nimemlaza hospitali, anapumua, na Inspekta kakaa kando ya kitanda, kofia mkononi, anasubiri afumbue macho. Hapo chini nimeacha nusu ukurasa mtupu. Neno la kwanza Bi Chapa atakalomwambia, liandike wewe. Hata akimtukana, sawa.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Wifi yako naye anakusalimu, na wanangu wanamwamkia shangazi yao. Mungu akulinde wewe na nyumba yako yote, na atukutanishe tungali na meno.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ambaye mpaka leo hajui kumficha muuaji.