Kwa Mzee Kanada, Kuhusu Spana ya Nusu Inchi

Jeppestown, Johannesburg
Agosti 2018

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono unakataa kuanza barua kwako bila shikamoo. Nakuandikia hapa hapa karakanani, kwenye meza yako ya kufungulia mashine, na nina hasira. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekuja kulia. Kulia nililia sana mwaka jana pale makaburini. Leo nimekuja kugombana.

Habari kwanza. Karakana bado ipo. Washonaji wa mtaa wa Bertrams bado wananiletea cherehani, na wakiingia bado wanauliza, "Hapa ndipo kwa Mzee Kanada?" Nawajibu ndipo. Ukuta wako sijaugusa. Spana za inchi ziko kushoto, kila moja imezungushiwa rangi ya bluu, na za milimita ziko kulia kwenye rangi nyekundu. Jioni nikifunga kazi natazama kama kuna umbo lililobaki tupu ukutani, maana ulinikataza kufunga mlango spana moja ikiwa haijulikani ilipo. Ulisema Wakanada ndio waliokufundisha hivyo, ukiwa kijana fundi wa ndege za jeshi kule Dar, kwamba spana iliyosahauliwa ndani ya injini inaua watu.

Na kujikosoa tunaendelea nako pia. Yaani naendelea peke yangu. Nakaa kwenye stuli yangu, kiti chako kikiwa mbele yangu, natamka kosa langu la siku kwa sauti. Hilo uliletewa na Wachina, Wakanada walipokwisha kuondoka. Wewe ulikuwa unaanza kila siku kwa sababu ndiye mkubwa. "Mimi leo nimemfokea mteja, na kosa halikuwa lake, lilikuwa la goti langu." Nilikuwa nacheka mpaka unakasirika, kisha inakuwa zamu yangu na kicheko kinakatika.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Wakala wa mwenye jengo anataka ghorofa za juu zihamwe. Wanataka kupaka rangi, waweke vioo vikubwa, wapangishe vijana wa kompyuta. Watu wamekataa kutoka. Basi mwezi uliopita akanijia, amevaa koti zuri, akaniomba nishuke chini nikaifunge koki kubwa inayopeleka maji juu. Mabomba ya jengo hili ni ya kizamani, ya inchi, na unajua mwenyewe nani mwenye spana za inchi mtaa huu. Nikamjibu kama ulivyonifundisha: sifungamani na upande wowote. Akacheka, akaenda kumtafuta mtu wake, wakaifunga wenyewe. Wakang'oa na mpini wake. Imebaki nati tupu.

Kesho yake wakaja wapangaji. Wakaniomba nikafungue. Nikawapa jibu lile lile. Eish, Mzee, laiti ungeona nyuso zao! Msemaji wao alikuwa Mama Riziki, yule yule Mkongo wa ghorofa ya tatu aliyekuwa anakushushia uji kila asubuhi ulipokuwa huwezi tena kushika kijiko. Akaniuliza kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu, "Zubeda, weye uko na nani?"

Nikarudia yale maneno yako. Kutofungamana na upande wowote! Mtu anapandisha madumu ya maji ngazi tatu na mtoto mgongoni, na mimi namsomea siasa ya nje ya Tanzania.

Tangu siku hiyo huko juu wananiita impimpi, mchongezi. Wakala naye amesema atakayeigusa koki hiyo ndiye wa kwanza kutolewa vyombo nje, na alikuwa ananitazama mimi. Kwa hiyo nimechukiwa juu na nimetishwa chini. Hapo katikati ulipokuwa unapasifia ndipo nilipo, Mzee, na hapakaliki.

Wewe uliwezaje? Hilo ndilo linalonikera. Ulikuwa unamtengenezea wakala pampu asubuhi, na mchana unakula ugali na kamati ya wapangaji, na hakuna aliyekuuliza uko na nani. Ulipeleka maneno ya huku kule, na ya kule huku, ukiyapunguza makali njiani. Ulikuwa ukisema kazi hiyo ulijifunza kwa Wakanada. Marekani na Urusi walikuwa wanatunishiana misuli dunia nzima, na kila nchi ndogo ikiulizwa iko na nani, wakaja hawa watu wasio wakubwa wala wadogo, hawakuuliza swali hilo, wakafungua masanduku ya spana wakaanza kufundisha. Ulikuwa ukiisimulia hiyo habari macho yanang'aa. Nami niliimeza nzima nzima.

Basi juzi nilimsimulia mwanangu Neema, yule uliyekuwa unamwita mzungu wako kwa sababu ukimwamkia kwa Kiswahili anajibu Kiingereza. Sasa yuko chuo hapo Doornfontein, anasoma historia. Akanisikiliza, akaanza kutabasamu, akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba Kanada haikuwa katikati hata siku moja. Ilikuwa ya kambi ya Marekani tangu mwanzo. Walikubali kuja Dar kwa sababu ilihofiwa kwamba wasipokuja wao, watakuja Wachina. Marekani angekuja mwenyewe mngemfukuza, basi akaja jirani yake mpole.

Nilimfokea mtoto wa watu! Nilimwambia amkome Mzee wangu. Akarudi kwenye vitabu vyake, na mimi nikajua nimefoka kwa sababu anasema kweli.

Mzee, ulijua? Nimekaa na swali hilo siku nzima, nikakumbuka kwamba niliwahi kukuuliza jambo linalofanana na hilo. Tulikuwa tunakunywa chai mlangoni, kipupwe kama hiki, vumbi limejaa hewani. Nilikuuliza kama hamkuogopa kwamba Wakanada wanawapeleleza. Ukacheka mpaka chai ikamwagika. "Tulijua walikotoka. Na wao walijua kwamba tunajua. Sisi tulitaka ufundi, wao walitaka tusiende kwa mwingine. Tukachukua ufundi, na kwa mwingine tukaenda!" Mimi nikaona ni utani wa wazee.

Haukuwa utani. Kumbe hata hao wa katikati walikuwa na kwao. Mambo yalipobadilika walipanda ndege wakarudi, nyumba zao ziko pale pale, theluji yao iko pale pale. Hata nyinyi mliokataa kambi zote mbili mlikuwa na nchi yenu ya kusimamia mkisema hapana. Hata wewe, ukishamaliza kusuluhisha watu wa jengo hili, ulikuwa na mvi na fimbo na jina la Mzee, na hakuna aliyethubutu kukutolea vyombo nje. Mimi nina nini? Mimi kwangu ni hapa hapa, chini ya watu hawa, na maji yao yakikatika ni majirani zangu wanaonuka na watoto wao wanaoumwa tumbo. Kwa nini hukuniambia kwamba hapo katikati panakaliwa na mwenye pa kurudi?

Nimekuandikia hili kwa uchungu, nisamehe. Lakini jibu ningelitaka.

Leo mchana nilishuka kuitazama ile nati. Vijana wa juu wamejaribu kuifungua wenyewe. Wametumia kumi na tatu ya milimita! Kosa lile lile ulilonichapia mkono wiki yangu ya kwanza. Inaingia, inakudanganya imekamata, ukiweka nguvu inateleza na kula pembe za nati. Pembe mbili zimeanza kulika. Wakijaribu mara nyingine haitafunguka tena kwa spana yoyote, na wakala atakuwa ameshinda bila kunyanyua mkono. Nilisimama pale na tochi, nikakusikia kabisa ukisema, "Usilazimishe, binti. Tafuta iliyo yake."

Iliyo yake ni nusu inchi. Ile uliyopewa na sajini wa Kikanada siku wanaondoka, ambayo mwalimu wa Kichina alitaka itupwe pamoja na nyingine za inchi kwa sababu ndege mpya hazikuwa na kazi nayo. Wewe ukaificha ndani ya soksi. Mzee, ulifungamana na spana! Uliniambia mwenyewe, na hukuona haya.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho asubuhi, watu wakiwa macho na mlango ukiwa wazi, nitaitoa kwenye rangi yake ya bluu, nitashuka nayo, nitafungua maji. Sitajificha. Wakala akija nitamwambia ni mimi. Kama atatoa vyombo nje, spana zitahama na mimi, ila ukuta wako hautahama, na hilo linaniuma kuliko mengine yote. Mama Riziki sijamwambia. Atasikia bomba lake likikohoa.

Lala salama, Mzee Kanada. Nakuahidi nusu inchi itarudi ukutani kabla sijafunga mlango. Nitaifuta, nitaitundika, kisha nitakaa kwenye stuli yangu mbele ya kiti chako kama kila jioni, na safari hii nitasema neno moja tu: nimefungamana. Kama ni kosa, njoo unikosoe mwenyewe.

Binti yako wa spana,
Zubeda