Ndege wa Bi Winifred

Woolwich,
London SE18.
17 Mei 1998

Mpendwa Shangazi Aikande,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyojua kwamba huu ni mwezi wa tano. Hujambo, Shangazi? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Na watoto wa kaka Fanuel, mafua yamewaacha? Mimi mwilini ni mzima, namshukuru Mungu. Nasema mwilini kwa sababu moyoni wiki hii sikuwa mzima hata kidogo.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilifika pamoja na picha za harusi ya mwanao Thadei. Mwambie suti ilimzidi mabegani, lakini mke amepata. Nimeiweka ile ya kukata keki juu ya kabati langu, na kila anayeingia chumbani lazima aitazame, apende asipende.

Nilikwisha kukuandikia kwamba nimeacha kazi ya kusafisha ofisi, sasa namtunza bibi mmoja Mwingereza, Bi Winifred, nyumbani kwake, nami nalala humo humo chumba cha juu. Ana miaka themanini na minne. Mwezi wa kwanza alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, na maneno humtoka moja moja kwa kuyalazimisha. Akili yake lakini ni nzima, tena kali kuliko yangu. Taabu yake ni chakula. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa anafunga mdomo kama mtoto anayekataa kwinini.

Binti yake Margaret anakaa mbali, kaskazini, anakuja mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita aliniambia waziwazi kwamba mama yake akizidi kukonda, daktari atamrudisha hospitali alishwe kwa mpira, na akitoka huko hatarudi hapa, atapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Bi Winifred alikuwa anasikia. Margaret alipoondoka, bibi alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima akasema, "Hapa." Anataka kufa kitandani kwake, akitazama bustani yake. Nikamwahidi. Wala sijui nilimwahidi kwa mamlaka gani.

Aliyemfanya ale si mimi, Shangazi, ni ndege. Kuna kindege huku wanakiita robini, kidogo kuliko shorewanda wetu, kifua chake rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa anatua dirishani kwa Bi Winifred kila asubuhi, namfungulia kioo, naye anachukua chembe ya jibini kwenye kiganja cha bibi. Ndege akila chembe moja, bibi anakula kijiko kimoja cha uji. Ndivyo walivyopatana wenyewe, sikuwafundisha. Bakuli likawa linaisha. Chini bustanini, kwenye birika kuukuu lililotundikwa ukutani, ndege huyo alikuwa na kiota na makinda, na nilikuwa namsimulia bibi habari zao.

Sasa bibi ana paka pia, jike nene la kijivu liitwalo Duchess, linalolala kitandani kama mtu. Amri ya nyumba ni kwamba asubuhi paka asitoke mpaka ndege awe amekwisha kula na kwenda zake. Amri yenyewe fupi, hata mtoto angeishika.

Jumatatu paka alikwaruza mlango wa jikoni huku naosha vyombo, nami nikaisahau amri, nikamfungulia. Wewe unajua tulivyolelewa, paka ni wa nje na kazi yake ni panya. Tena wiki nzima nilikuwa nalalamika kwamba kuna panya nyuma ya jiko. Baada ya muda mfupi akarudi ana kitu mdomoni. Nikafurahi, Shangazi! Nikamwambia, "Hongera, mama," nikammiminia maziwa kwenye kisahani kama ulivyokuwa ukimfanyia paka wetu akishika panya ghalani. Akatua mzigo wake ili anywe. Ndipo nikaona kile kifua cha chungwa, kinapanda na kushuka.

Nikamwinua kwa kitambaa cha vyombo. Damu hakuna, mabawa yote mawili yapo, macho yako wazi. Nikajiambia ameshtuka tu, nimpumzishe. Nikamweka kwenye sanduku la viatu, nikaanza kumpa maji kwa kijiko. Bahati jirani yetu Surinder, mama wa Kipunjabi wa nyumba ya pili, aliniona kupitia ua akaja mbio. "Acha maji! Utamzamisha!" akanifokea. Akaniambia nimpeleke kwa daktari wa wanyama sasa hivi. Mimi nikasema hana jeraha, na siruhusiwi kumwacha bibi peke yake. Nikangoja. Nikangoja mpaka saa tisa alasiri, ndege alipoanza kufumba macho na kujivimbisha manyoya, ndipo nikampigia hodi Surinder aje akae na bibi kwa saa moja. Hilo pia ni kosa, maana hairuhusiwi kumwachia mgonjwa mtu asiyeajiriwa kwa kazi hiyo. Nikapanda basi na sanduku mapajani, naomba njia nzima.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alipuliza manyoya chini ya bawa akanionyesha vitundu viwili vidogo kama vya sindano. Akasema mate ya paka ni sumu kwa ndege, hata pasipo damu, na kila saa ni saa. "Umempata lini?" akaniuliza. Nikasema asubuhi. Hakunilaumu, aliinamisha kichwa tu akaandaa sindano. Alinipa dawa ya matone, akasema nimweke mahali penye joto na giza, nisimchungulie chungulie, na akivuka siku mbili kuna matumaini. Pesa hakutaka. Nikarudi nikamficha ndani ya kabati la tangi la maji ya moto, katikati ya mataulo.

Kwa Bi Winifred sikusema kitu. Jumanne alikaa dirishani, jibini kiganjani. Nikamwambia ndege ana makinda, ameshikwa na kazi ya kulea. Alikunywa chai nusu kikombe, uji hakuugusa. Jumatano vivyo hivyo. Mkono wake ulibaki umefunguliwa hadi jibini likakauka, nikamtoa chembe zile moja moja nikiepuka macho yake. Jumamosi Margaret angekuja pamoja na nesi na mizani. Nilikuwa napanda ngazi kuangalia ndege, nashuka kuangalia bibi, napanda tena, hata sikumbuki kama mwenyewe nilikula. Nilisema na Mungu kwa Kimachame, nikimwambia kama ni lazima aadhibu mtu, mimi niko hapa.

Jumatano jioni ndege alisimama kwa miguu yake, nikashukuru kwa sauti. Alhamisi asubuhi nilipofungua sanduku alikuwa amelala ubavu, mwepesi, amekwisha poa. Nilimfunga katika leso yangu nikamzika chini ya mti wa waridi kabla bibi hajaamka. Nililia, Shangazi, mimi ambaye nimechinja kuku wangapi.

Niliporudi chumbani na uji, kumbe juu ya uzio ametua robini. Kifua kile kile, ukubwa ule ule. Alikuwa mume wa yule, maana dume na jike wao hawatofautiani, na mdomoni ana mnyoo wa kupeleka kwenye birika. Moyo wangu uliruka. Nikasema moyoni, Mungu amenitolea njia, hakuna haja ya bibi kujua. Nikafungua dirisha, nikasema, "Tazama, rafiki yako amerudi!"

Bi Winifred akanyoosha mkono. Ndege hakuja. Akabaki kwenye uzio akitutazama, kisha akashuka kwa watoto wake. Alipopanda tena uziani bibi alinyoosha tena mkono, na tena hakuja. Nami, kwa kutaka kuusukuma uongo wangu usimame, nikasema, "Bado anamwogopa paka."

"Paka?" akasema.

Sikuwa nimemtajia paka hata mara moja siku zote tatu. Alinigeukia polepole, akanitazama mpaka nikalitua bakuli mapajani pake. Nikapiga magoti pale kwenye zulia nikamwambia yote, mlango, maziwa, kungoja kwangu mpaka saa tisa, kabati, leso. Nilimwomba msamaha. Alilia bila sauti, jicho moja zaidi ya jingine kwa sababu ya ule ugonjwa. Kisha akauliza, "Wapi?" Nikamsukuma kwenye kiti chake hadi mlango wa nyuma, nikamwonyesha mti wa waridi. Alikaa pale muda mrefu na blanketi magotini.

Yule dume alipita na mnyoo mwingine. Bibi akamfuata kwa macho hadi kwenye birika. "Watoto," akasema. "Peke yake. Mpe." Nikatupa jibini majanini. Akashuka akalichukua, akaenda nalo. Bibi akatazama bakuli nililokuwa nimelisahau mapajani pake, uji umekuwa baridi na umeganda juu, akafungua mdomo mwenyewe. Alikula nusu nzima.

Hakusema amenisamehe. Tangu siku ile haniiti Elieshi, ananiita "wewe". Lakini anakula, kwa hasira, kama mtu anayefanya kazi. Jana amepimwa, amepungua kidogo, nesi ametupa wiki mbili nyingine. Margaret nimemweleza pia. Kama nitaachishwa kazi nitajua huko mbele.

Sasa Shangazi, niseme lililo moyoni. Barua zako tatu zimenieleza bei ya kahawa, paa la kanisa, suti ya Thadei. Kuhusu Baba umeandika neno moja tu, "anaendelea". Kwenye picha za harusi nimemtafuta kila safu, hayumo. Nilipompigia Fanuel simu Pasaka aliniambia Baba amelala, na huko ilikuwa saa sita mchana. Najua tulivyo, aliye mbali hufichwa asije akaanguka huko ugenini pasipo wa kumshika. Najua mnafanya kwa mapenzi. Mimi pia kwa Bi Winifred nilifanya kwa mapenzi, na siku tatu hizo alikaa dirishani akingoja.

Kama Baba yupo, mshikishe kalamu aweke hata alama moja chini ya barua yako. Kama hayupo, niandikie hivyo hivyo, siku aliyoondoka na mahali mlipomlaza. Nitalia. Kisha nitakula, nakuahidi.

Nisalimie Fanuel na wanawe, Thadei na mkewe, na mama wote wa kwaya. Mungu akulinde, alilainishe hilo goti, na akupe nguvu ya kunijibu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Elieshi