Neno Ulilomwita Baba

Kilolo, Iringa
Jumapili jioni

Mpendwa kaka Vitus,

Kamwene. Natumaini wewe, wifi Bupe na watoto hamjambo huko Mbeya. Sisi tu wazima. Mvua haijakatika na ulanzi umejaa vilabuni, jambo linalomfurahisha baba kuliko mama. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Ule ujumbe wako wa Kiingereza, kwamba baba asipewe maiki kwenye sherehe ya kuniaga kabla ya harusi yangu kwa kuwa akionja kidogo huwa “maudlin”, niliusoma kwa sauti mbele ya wazazi nikidhani ni salamu. Niliwafasiria mpaka penye neno hilo, nikakwama. Mama akauliza maana yake. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, nikamwambia nitaliangalia kwanza.

Kesho yake nikalitafuta kwenye kamusi kubwa ya shuleni. Kumbe ni sifa ya mtu anayelialia ovyo, hasa kinywaji kikimkolea, na limetokana na jina la Maria Magdalena, ambalo Waingereza wa kale walilitamka hivyo. Wachoraji walizoea kumchora akilia, basi kila mwenye machozi ya karibu akabandikwa jina lake.

Nilimweleza baba nikihofia atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza kama ni Magdalena yuleyule aliyewahi kaburini asubuhi ya Pasaka, nikamwambia ndiye. Akaenda kilabuni kuwatangazia wenzake kuwa mwanawe wa Mbeya amempa jina la mtakatifu, tena limo kwenye kamusi.

Lakini juzi mama aliniambia kuwa baba amerudisha suti yake sandukuni. Amesema atakaa nyuma, kimya, asije akakuaibisha mbele ya wakubwa zako wa kazini. Hapo nililia mimi, kaka, na sikuwa nimeonja kitu.

Sasa nikwambie nililofanya, na usinipigie simu kufoka. Nimekwenda kwa MC nikabadilisha ratiba. Hotuba yako ya mwenyekiti wa kamati nimeifuta, na muda wote nimempa baba. Suti nimeipiga pasi mwenyewe. Nakupenda sana, lakini siwezi kutoka nyumbani kwetu huku baba ameambiwa anyamaze. Kazi yako siku hiyo ni kusimama kando yake umshikie maiki, maana akilia mikono humtetemeka.

Msalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi anawangoja. Baba anawasalimu nyote; hajui kama nimekuandikia.

Mdogo wako akupendaye,
Devota