Kibuku Yangu na Ile ya Chupa

Siku ya tatu, 5 mars 2025

Chupa iko juu ya meza. Sijaifungua. Rigobert wa brasserie kubwa, kiwanda ya bia, ameileta mwenyewe hapa mu mtaa wetu wa Annexe. Imeandikwa «artisanale», na picha ya mama na nyungu. Eti iko kama kibuku yetu ya masaka, pombe ya mtama! Anataka siku ya posho, samedi, niionje mbele ya bantu bote, mu supermarché, niseme iko sawasawa na yangu. Nikisema, bwana yangu Stanislas anapata kazi ya kuendesha camion yao.

Tangu vita ya Kivu ichachamae, na madini ya kule haitoki, kampuni yake ya camion imefunga. Bachauffeur benzake ndio walikuwa wateja yangu. Nyungu moja sasa inamaliza siku tatu kuuzika.

Siku ya tano, 7 mars

Bamemupa Stanislas T-shirt yao. Amevaa tangu asubuhi, anacheka peke yake. «Kapya, ni neno moja tu!» Neno moja — eh! Mama yangu alipika miaka makumi tatu, hakuna aliyemuita muongo.

Siku ya posho, 8 mars

Aksanti Mungu, sikuanguka mu uongo!

Kwetu mupishi anaonja wa kwanza, mugeni ajue hakuna sumu. Mu supermarché nikamuambia Rigobert: anza wewe. Akakataa. Anaimba mu korali, hakunywi pombe! Basi nani alipika? Mashine, anasema. Bantu bakacheka sana. Stanislas akakamata kikombe, akamaliza yote: «Ni sawa na ya bibi yangu Kapya.» Miaka kumi na tisa anakunywa yangu! Haya ilinishika mimi kwa ajili yake.

Nikakunywa. Baridi, tamu, inapita mbio. Si mbaya, kweli. Lakini masaka iko wapi? Yangu unaitafuna kidogo.

Nikasema mu micro: «Iko muzuri. Ni ya mashine. Ya Kapya haiko hii.» Mama mmoja akapiga vigelegele. Nikatoka kichwa juu.

Tukarudi nyumbani. Nikalowesha masaka ingine, beseni nzito. Stanislas akakuja, akashika upande wa pili, na T-shirt yao mwilini. Tumeitua karibu na mulango. Simu inalia mu mufuko yake — Rigobert. Imenyamaza. Inalia tena. Ananiuliza amujibu nini juu ya kazi. Mikono yake imejaa masaka, hajashika simu bado.