Vigae vya Kaburi la Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Mwanangu Eliya amechovya kandambili yangu kwenye ndoo ya maji ya kunywa sasa hivi, halafu akanikabidhi kama mtu anayeleta zawadi. Maji nimemwaga. Sikumchapa. Nilikuwa nacheka.

Jumamosi tunajengea kaburi la Baba. Mvua zote zimepita juu yake, udongo umeshuka vya kutosha. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, amepiga simu kutoka Manyoni. Amenunua marumaru nyeupe, anakuja nazo Ijumaa kwa sababu ni Nanenane na duka lake hafungui. Fundi atakuwa Juma, aliyefanya kazi na Baba tangu mimi niko darasa la pili.

Marumaru nyeupe. Kama bafu la gesti.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu kwenye simu nilisema "sawa, Baba Mkubwa". Mwoga mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Baba alikuwa fundi wa kujenga. Upande huu wa reli, hapa Itigi, ukitembea unatembea katikati ya kazi zake. Kuna nyumba zake mpaka Kilimatinde. Na kila nyumba aliyomaliza aliacha ndege pembeni ya mlango, kanga yule wa porini, mwenye madoa. Alimtengeneza kwa vigae vya sahani na vikombe vilivyovunjika, anavibandika kwenye lipu mbichi. Hakuombwa. Hakutoza. Ukimuuliza anasema nyumba isiyo na kitu cha kutazama ni stoo.

Na huo ulikuwa mmoja tu kati ya michezo yake. Alitengeneza ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwa vyuma vya mwavuli, akawa anaipiga jioni, jirani akahamishia kiti chake karibu na uzio wetu. Alidarizi foronya, yeye mwenyewe, na sindano. Wenzake wakamcheka: "Fundi, saluni unafungua lini?" Akawajibu, "Nikifungua, wewe wa kwanza kusukwa." Alichora mabango ya maduka. Kuku aliyemchora kwenye kibanda cha chipsi alifanana na mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akaja amekasirika. Akaondoka ameomba naye achorwe, ila asiwe kuku.

Likizo za shule nilikuwa saidia fundi wake. Nilikoroga niru, ule uji wa simenti wa kulainishia ukuta, nilimpa mwiko, nilimpa pima maji. Mkono wake naujua.

Leo nimemwambia Mama kwamba nataka kaburi la Baba liwe na kanga. Alikuwa anachambua mboga, hakunyanyua kichwa.

"Bandika kigae hapo kibarazani nikuone. Kikikaa, na mimi nitasema."

Jumatano, 6 Agosti

Nilibandika jana jioni, bawa moja tu. Leo asubuhi nimemkuta Eliya amekaa kibarazani anabandua vigae kwa kidole, anavipanga pajani. Havikushika hata kimoja. Kingo nilizisugua kwenye jiwe kama Baba, kwa hiyo hakujikata. Nilimkagua vidole vyote, nikavibusu.

Halafu nikalia. Najua kukoroga, najua kupiga mwiko, kumbe sijui.

Mama akasimama mlangoni. "Umevibandika vikavu?"

Nikasema ndiyo.

"Kigae kikavu kinakunywa maji yote ya simenti. Wewe unadhani lile beseni langu la bluu lilikuwa halionekani kwa nini? Alikuwa anavilowekea humo, na mimi nafua kwenye ndoo."

Sikuwahi kuona. Ile kazi aliifanya nyumbani usiku, mimi nimelala.

Alhamisi, 7 Agosti

Vimelala kwenye maji. Nimebandika bawa upya. Nimefunika na gunia bichi. Eliya nimempeleka kwa jirani, Mama Zaituni, asije akanichokonolea. Nilipomfuata nimerudi naye pamoja na vikombe visivyo na mikono. Mama Zaituni kasema alikuwa hajui anavitunzia nini.

Sasa najiamini. Lazima litakaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Limekaa.

Baba Mkubwa amefika saa nne na maboksi yake. Nimempa shikamoo, nimempa maji, nimempa kiti. Juma naye alikuwepo, amekuja kupanga kazi ya kesho. Nikamwonyesha Baba Mkubwa lile bawa. Akachukua msumari akachokonoa. Kigae kikameguka ukingoni, lakini hakikutoka.

Akasema, "Kimeshika. Kazi nzuri. Lakini ndugu yangu nimfunike na takataka? Watu wakipita pale waseme kaka yake hata marumaru zilimshinda?" Akapangusa vumbi kwenye boksi la marumaru kwa kiganja. Hapo nikaona si ubishi. Anaona uchungu, na marumaru ndiyo heshima aliyoweza kuibeba.

Nikasema hata hivyo. "Baba Mkubwa, nakuheshimu. Lakini hilo kaburi litafanana na mengine yote, na Baba hakuwahi kutengeneza kitu kinachofanana na kingine."

Juma anaangalia viatu vyake. Namshika Eliya ili nipate cha kushika.

Mama akainuka. Akaingia ndani, akatoka na sahani kubwa ya maua, ile aliyopewa harusini. Hatujawahi kuilia sisi. Wageni tu, tena wageni wa maana. Akaigonga kwenye ukingo wa kibaraza. Ikapasuka.

"Shemeji," akasema, "hii haikuwa takataka."

Kisha akaenda kuangalia chai yake jikoni, kama mtu aliyefukuza kuku.

Baba Mkubwa alikaa anatazama vile vipande. Nilifikiri ataondoka. Nilifikiri nimevunja undugu pamoja na sahani. Mwishoni akafungua boksi moja, akatoa marumaru, akaigeuzageuza.

"Juma, nipe nyundo."

Jumamosi, 9 Agosti

Nimechoka, naandika kidogo.

Tumejenga. Jana jioni Baba Mkubwa alivunja marumaru zake zote mwenyewe, mikono ya shati kaikunja, kama mtu anayeponda kokoto. Zikalowekwa usiku kucha pamoja na sahani ya Mama. Leo Juma amepiga lipu, mimi nimebandika. Hakuna aliyenishika mkono. Vipande vyeupe vimemzunguka kanga pande zote, anaonekana kutoka barabarani. Baba Mkubwa alikuwa sahihi kwenye hilo, weupe unapendeza.

Vidole vimechubuka na simenti. Bawa la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto. Baba Mkubwa kalitazama sana, kasema, "Huyu akiruka atazunguka tu hapahapa." Watu wakacheka makaburini. Mchungaji naye.

Nadhani ndivyo Baba angependa. Hapana. Najua.

Jumapili, 10 Agosti

Tulipotoka kanisani tulipita kumwagilia kaburi maji, saruji isije ikapasuka. Upepo ulikuwa mdogo. Mama alisimama upande wa kichwani. Sahani yake iko kifuani mwa kanga, maua yanaonekana. Eliya akamgusa ndege mdomo, akasema, "Kuku." Hatukumsahihisha.

Baba Mkubwa amerudi Manyoni. Ameniachia boksi moja la marumaru alilolificha, hakulivunja. Amesema nitajua la kufanya.

Mwenye mgahawa wa karibu na stesheni alikuwepo jana. Leo ameniuliza kama naweza kumwekea ndege mlangoni kwake. Nikasema naweza kabla sijafikiri. Ni kweli naweza. Baba alikuwa anaanza na jicho. Alisema ukimwekea jicho kwanza anakutazama unavyofanya kazi, huwezi kuilipua ovyo. Mimi kaburini nilianza na mabawa, ndiyo maana yamepishana. Wa mgahawani nitamwanzia jicho, kisha shingo, madoa mwisho.

Mama ananiita. Nimeshaitika abee mara mbili, lakini nataka kwanza niandike kwamba lile boksi la Baba Mkubwa nimeshajua la kulifanyia.