Malkia na Habari za London

Alhamisi, 21 Machi 1996

Nimeamka saa kumi na moja. Nimekata majani ziwani, mizigo miwili. Nimemchanganyia Malkia pumba, mashudu na kopo moja la unga wa mifupa, kama mradi wa kanisa ulivyotufundisha ulipotukopesha huyu ng'ombe. Mimba imekuwa kubwa, kiwele kimejaa, anajikokota tu. Wiki ijayo atazaa.

Neema ametimiza miezi mitatu leo. Miezi mitatu tangu tumzike mama yake, Rebeka, binti yetu wa pekee. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo. Mtoto anakunywa maziwa ya Mama Zuhura, jirani yetu mwenye ng'ombe wawili. Malkia akizaa, atakunywa ya nyumbani.

Jioni redio. London wamekiri. Ng'ombe wao wana kichaa. Wanatetemeka, wanapepesuka, wanaanguka. Jana waziri kasimama bungeni akasema huenda watu wameupata ugonjwa huo kwa kula nyama. Miaka yote walisema hakuna hatari. Mke wangu akaniambia nipunguze sauti, mtoto amelala. Mama Rebeka huyu, dunia ikiungua atauliza kama maji yamechemka.

Jumamosi, 23 Machi

Kwa kinyozi. Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, chama cha ushirika kilitupunguza kazi, na tangu hapo kibanda cha kinyozi ndiyo ofisi yangu. Wananiita Mzee London. Nikifika tu: "London wanasemaje leo?" Nami nawaeleza. Sikatai, napenda. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani, watu wakisimama mbele ya meza yangu. Nimebaki na redio.

Leo nimewaeleza chanzo. Waingereza waliwalisha ng'ombe unga wa mifupa na nyama ya wanyama wenzao. Katikati ya maelezo nikakumbuka. Nyumbani nina gunia la unga wa mifupa.

Nimerudi mbio. Nimelimwaga lote kwenye shimo la takataka, nikafukia. Mama Rebeka akasema mtaalamu wa mradi alituambia mifupa ndiyo nguvu ya kuzalia. Nikamwambia mtaalamu wa mradi hasikilizi redio.

Jumatatu, 25 Machi

Mama Zuhura ananunua unga huohuo, duka lilelile. Nimemuuliza mwenye duka mwenyewe. Basi maziwa yake si salama. Redio inasema maziwa hayana neno, lakini hata nyama walisema hivyo hivyo.

Nyumbani nimepiga marufuku. Kwa kinyozi nimewaambia pia. Ningenyamaza ningekuwa nimetenda dhambi.

Neema anapewa uji mwepesi wa ulezi. Anautema.

Jumatano, 27 Machi

Ulaya wameikataa nyama ya Uingereza. Yote. Nilitamani kumpigia mtu simu, lakini sina simu wala mtu wa kumpigia.

Mama Zuhura amepita saa nne na ndoo yake imejaa. Siku zote saa mbili huwa tupu. Hakunisalimia.

Mchana nimemkuta Mama Rebeka nyuma ya jiko, anamnywesha mtoto kwa kijiko. Maziwa. Amekuwa akiyafuata kwa siri. Nimemnyang'anya kikombe, nikamwaga chini. Neema alikuwa bado amefungua mdomo.

Mama Rebeka hakulia, wala hakupiga kelele. Alisema, "Tumeshazika mmoja, Baba Rebeka."

Nilikuwa sahihi. Naandika hapa ili nisisahau. Nilikuwa sahihi.

Ijumaa, 29 Machi

Malkia amezaa alfajiri. Ndama jike, mweusi, ana baka jeupe kwenye paji. Si wetu. Sharti la mradi ni kwamba jike wa kwanza anapewa familia inayofuata kwenye orodha. Atakayefuata ndiye wetu.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni nene, ya njano. Nimempa ndama yote.

Neema anaharisha tangu jana. Mama Rebeka anasema baada ya siku tatu nne maziwa ya Malkia yatakuwa safi, mtoto apewe, ugomvi uishe. Malkia hajala mifupa tangu Jumamosi. Lakini kabla ya hapo aliila mwaka mzima, na aliyemlisha ni mimi, kwa mkono wangu. Naogopa.

Jumamosi, 30 Machi

Anatetemeka.

Asubuhi nilidhani ni baridi ya mvua. Saa nne akapepesuka akitoka bandani, miguu ya nyuma ikaenda kwake na ya mbele kwake. Saa nane akaanguka. Hajaamka. Ameikunja shingo na kuilaza ubavuni, masikio ya baridi, macho yananitazama na hayanioni.

Kila neno walilosema London liko bandani kwangu.

Nimewaambia majirani wasisogee. Nimemtenga ndama. Mama Rebeka anataka daktari wa mifugo. Zamani wa serikali alikuwa akija mwenyewe na baiskeli. Siku hizi wamebaki wa kujitegemea, na wa karibu yuko Usagara. Nimemwambia daktari wa Usagara hajawahi kuuona ugonjwa huu. Nani kauona zaidi ya Waingereza, nao wanachinja na kuchoma.

Mtoto amepungua. Nguo zimekuwa kubwa.

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya Matawi. Mama Rebeka hakwenda kanisani. Alimfunga Neema mgongoni, akatoka kabla hakujapambazuka kwenda Usagara. Hakuniaga.

Saa tatu nikamwita Masanja, mchinjaji. Akamaliza. Malkia hakujitikisa hata kidogo.

Watu walikuwa wameshafika na mabeseni. Kwetu ng'ombe akianguka mtaa mzima unapika. Nikawazuia. Nilinunua mafuta ya taa nikaumwagia mzoga mzima mbele ya macho yao, nikawalipa vijana tukamfukia na ngozi yake. Masanja akasema tangu azaliwe hajaona Msukuma anayefukia nyama. Bibi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama kichaa ni cha ng'ombe au ni changu.

Saa saba wakafika kwa pikipiki, Mama Rebeka na kijana mmoja mwenye mkoba. Daktari. Aliniamkia, nikaitikia. Akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwonyesha udongo.

Hakupandisha sauti. Aliuliza kazaa lini, nikasema juzi. Aliuliza kama alikunja shingo ubavuni, kama masikio yalikuwa ya baridi. Ndiyo, ndiyo. Akafungua mkoba, akatoa chupa. Akasema ni ugonjwa wa kuzaa, huwapata sana hawa wa maziwa. Madini ya chokaa yote yanakimbilia kwenye maziwa, mwilini hayabaki. Chupa moja kwenye mshipa, nusu saa angekuwa amesimama anakula majani.

Nikauliza kuhusu ugonjwa wa London. Akasema ule hukaa mwilini miaka, hauangushi ng'ombe siku moja baada ya kuzaa.

Nikauliza kuhusu unga wa mifupa, kama kuuacha kumechangia. Akafunga mkoba. "Mzee wangu, hilo tuliache."

Mama Rebeka alikuwa amesimama tu, khanga imejaa tope la barabara. Daktari alimwangalia Neema mgongoni kwake, akasema, "Mimi ni wa mifugo, mama, lakini huyu mpeleke hospitali leo hii."

Jumanne, 2 Aprili

Amelazwa tangu juzi. Sindano ya maji wameiweka kichwani kwa sababu mishipa ya mikono haionekani. Macho yameingia ndani. Ukimfinya ngozi inabaki imesimama.

Muuguzi aliuliza ni nani aliyemwachisha maziwa mtoto wa miezi mitatu. Mama Rebeka hakunitaja. Alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Nikasema ni mimi. Muuguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilikuwa karani, najua kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Sikusoma.

Ningemwambia nini. Kwamba nilisikia redioni?

Ijumaa, 5 Aprili

Ijumaa Kuu. Bado.

Asubuhi hakunyonya kijiko kabisa. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe, ziwa lote mbele yangu. Nilijaribu kusali, nikajikuta napanga maneno kama taarifa ya habari. Nikaacha. Nikasema tu, usimchukue.

Sijui kama Mama Rebeka atarudi nyumbani kwangu ikiwa mtoto hatarudi. Sidhani. Nami nisingemwomba.

Jumapili, 7 Aprili

Pasaka. Saa kumi alasiri Neema alilia. Siku nne alikuwa akitoa mlio tu, leo alilia. Kilio cha hasira, cha njaa, wodi nzima ikageuka. Mama Rebeka aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili iliyopita.

Kesho tunaruhusiwa. Muuguzi amesema maziwa, kila siku, bila kukosa.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumerudi. Watu wa mradi walikuja na ile familia inayofuata, mke na mume wa Kigongo. Wakamchukua ndama, ambaye vijana wa jirani wamekuwa wakimnywesha tangu Malkia afe. Mke na mume walinishukuru kwa kumtunza. Walishukuru kweli, hawakuwa na habari jinsi mama yake alivyokufa. Banda ni tupu.

Redio haina betri. Mama Rebeka amezitoa, amezitia kwenye tochi ya kumwangalizia mtoto. Hakuniuliza.

Jumanne, 9 Aprili

Nilipitia kwanza kwa kinyozi. Walikuwapo wengi. Nikasema nilikosea, maziwa ya Mama Zuhura hayana tatizo, hayakuwahi kuwa nalo. Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliendelea na kichwa cha mteja wake.

Kisha kwa Mama Zuhura. Wanunuzi walikuwa watatu tu, nikasimama nyuma yao. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha kopo. Alilitazama kopo, akanitazama mimi.

"London wanasemaje leo, mzee?"

Nikasema sijui. Akapima, kisha akachota tena, akaongeza juu.

Mama Rebeka ameyachemsha mara mbili, akayapooza, akaonja mkononi. Akaketi na mtoto mapajani. Kisha akanipa mimi kijiko.

Nikachota. Neema alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika.